Tuanzie wapi? Namna ya kujenga harakati za wananchi chini ya utawala wa mabavu

Kila nikikaa na watu waliochoshwa na utawala usiomsikiliza mtu swali ni hilohilo, tuanzie wapi, na wengi wakiuliza hivyo kichwani tayari wana picha ya maandamano, barabara imejaa, mabango juu, video inasambaa kila kona. Mi huwa nawaambia jamani barabarani ni hatua ya mbele sana, na kuna watu walishinda mambo makubwa bila kuikanyaga. Anza na watu watano. Watano unaowaamini kiasi kwamba ukichukuliwa saa nane usiku unajua kabisa nani atakwenda kumwambia mama yako na nani atamtafuta wakili kabla hakujakucha. Kama huwezi kuwataja hao watu bado huna harakati, una hasira, na hasira peke yake haijawahi kumtoa mtu selo.

Utawala wa mabavu unaishi kwa kitu kimoja, kila mtu aamini yuko peke yake. Wewe umechoka ila unadhani jirani yako ni mtu wao, jirani naye anakuwazia wewe hivyohivyo, mnapishana mlangoni mnasalimiana mnaongelea mvua. Hakuna nchi yenye askari wa kutosha kumfuatilia kila raia, kwa iyo kazi kubwa inafanywa na huo ukimya wenu wenyewe. Kila ninachoandika hapa kinalenga kuuvunja huo upweke bila kupoteza watu ovyo.

Watano wa kwanza

Usichague waongeaji. Angalia nani anafika kwa muda aliosema, nani ukimpa hela ya pamoja anarudisha na chenji, nani umeshamwambia siri ukakaa mwaka mzima haijarudi masikioni kwako. Alafu msiwe wote wa aina moja, vijana watupu wa umri mmoja na elimu moja mtaongea lugha yenu wenyewe na watu hawatawaelewa, tafuteni mama mtu mzima anayeheshimika, mtu wa kibarua, mwalimu, mtu wa dini kama yupo. Kutaneni pale ambapo tayari mna sababu ya kukutana, timu ya mpira, kwaya, kikundi cha kuweka na kukopa, maana kikao kipya cha watu wasiojuana kinashtua hata mtoto.

Kikao cha kwanza msimjadili mkubwa hata kidogo, mnamjua. Kubalianeni nani anafanya nini mmoja wenu akikamatwa, na kitu gani hakiandikwi popote. Hili la pili nalirudia kwa uchungu. Kuna kikundi nilikuwemo tulikuwa makini mno, simu tunaziacha mbali, tunaingia mmoja mmoja, kumbe mwenzetu mmoja kwa nia njema kabisa alikuwa anaweka mahudhurio kwenye daftari la mistari, majina matatu matatu, namba ya simu, na alama ya vema pembeni kwa kalamu nyekundu kila ulipohudhuria. Siku alipokamatwa, tena kwa jambo jingine kabisa, daftari lilikuwa kwenye begi. Watu kumi na mmoja walifuatwa majumbani ndani ya wiki moja. Yule ndugu alipigwa na hakumtaja mtu hata mmoja, daftari ndo liliwataja.

Dai dogo, lenye mlango wa kugonga

Watu wanapenda kuanza na "aondoke". Sawa, ila aondoke ni dai ambalo hakuna ofisa anayeweza kulitekeleza kesho asubuhi, kwa iyo mnakaa miaka mnapiga kelele bila ushindi hata mmoja na watu wanakata tamaa. Dai la kwanza liwe linamgusa kila mtu, liwe na mtu maalumu mwenye ofisi anayeweza kulitimiza, na akilikataa aonekane wa hovyo hata kwa watu wake.

Gandhi mwaka 1930 alichagua chumvi. Wenzake wengine waliona ni jambo dogo sana kwa kupambana na Waingereza, lakini chumvi inaliwa na tajiri na maskini, Mhindu na Mwislamu, na sheria ilikuwa inakataza watu kujitengenezea. Aliondoka tarehe 12 Machi na watu 78, wakatembea siku 24 mpaka baharini, tarehe 6 Aprili akainama akaokota chumvi kwenye tope. Sasa hapo kila mtu anayeishi pwani alikuwa na uwezo wa kuivunja ile sheria kwa sufuria yake ya nyumbani, na dola haiwezi kufunga pwani nzima.

Mkiandika barua iwe ukurasa mmoja na ombi moja, msichanganye maji, barabara, katiba na mishahara kwenye karatasi moja mkajibiwa kwamba "mapendekezo yenu yamepokelewa". Kama mnaogopa nani atasaini wa kwanza, sainini kwa duara, majina yazunguke kama saa, mabaharia wa zamani walikuwa wanafanya hivyo ili nahodha asijue nani kaanzisha. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Wakigoma kugonga muhuri, waliopeleka (wawe wawili siku zote) waandike palepale tarehe, saa, na cheo cha aliyekataa. Hiyo karatasi ina thamani, siku wakisema hawajawahi kulisikia hilo jambo mnayo.

Kazi ya mtu muoga

Hapa ndo naona harakati nyingi zinakwama. Zinamtaka kila mtu awe shujaa, na mashujaa ni wachache, wakishafungwa imeisha. Wakati mtaa umejaa watu waoga wenye nia nzuri ambao hawajapewa kitu cha kufanya. Muoga mpe kazi inayomlingana, ambayo haimuachi na ushahidi mkononi, lakini akiifanya anawasikia au anawaona wenzake wakiifanya.

Chile mwaka 1983, chini ya utawala wa kijeshi wa Jenerali Pinochet, chama cha wafanyakazi wa migodi ya shaba kilikuwa kimepanga mgomo. Wakaangalia, migodi imezungukwa na wanajeshi, wakiendelea wataua watu bure. Wakabadilisha. Wakawaambia wananchi tarehe 11 Mei msipeleke watoto shule, msinunue kitu, endesheni magari polepole, na saa mbili usiku kila mtu akiwa nyumbani kwake apige sufuria. Hebu fikiria umekaa gizani una kijiko na sufuria, miaka karibu kumi umenyamaza, unapiga mara moja kwa woga, unasikia nyumba ya pili nayo, alafu ng'ambo ya barabara, baada ya dakika chache mji mzima unalia. Wengi walifanya hivyo bila kutoka nje. Ila usiku ule kila mtu alijua hayuko peke yake na hicho kitu huwezi kumnyang'anya mtu tena.

Poland nayo, Februari 1982, jeshi limeshika nchi na televisheni inadanganya kila jioni. Watu wa mji mdogo unaitwa Świdnik wakaanza kutoka kutembea saa moja na nusu jioni, muda uleule wa taarifa ya habari, familia nzima na watoto, wengine wakageuza televisheni zao dirishani ziangalie nje zihutubie ukuta. Kutembea sio kosa. Serikali ikasogeza muda wa kafyu ianze mapema, watu wakahamia taarifa ya saa kumi na moja. Mtindo ukaigwa na miji mingine.

Kwa iyo kaeni mpange kazi kwa ngazi, kuna ya kuvaa rangi fulani siku fulani, kuna ya kususia bidhaa, kuna ya kupika chakula cha wanaoshinda mahakamani, kuna ya kulea watoto wa aliyefungwa, mpaka huko juu kwa wachache wanaokubali kusimama mbele na sura zao. Mtu apande mwenyewe kwa kasi yake. Msimcheke wa ngazi ya chini, kesho ndo huyohuyo anawafungulia mlango mkikimbizwa.

Msiwape fimbo

Nitasema hili wazi, vurugu inawanufaisha wao. Bunduki wanazo nyingi kuliko nyie na wanasubiri sababu. Watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichambua kampeni 323 za kuanzia mwaka 1900 hadi 2006, za silaha na zisizo na silaha, wakakuta zisizo za vurugu zilifanikiwa asilimia 53, za silaha asilimia 26. Na sababu unaweza kuiona mwenyewe, kwenye jambo la amani bibi anaingia, mwenye mtoto anaingia, mlemavu anaingia, watu wanakuwa wengi, na askari anayemuona shangazi yake kwenye umati kidole kinakuwa kizito.

Leipzig, Ujerumani Mashariki, tarehe 9 Oktoba 1989, watu kama 70,000 walitoka kanisani na mitaani jioni huku vikosi vimepangwa tayari. Wengi walibeba mishumaa. Mshumaa unataka mikono miwili, mmoja wa kushika na mmoja wa kuukinga na upepo, hubaki na mkono wa jiwe. Vikosi havikupewa cha kujibu, vikarudi nyuma. Mwezi mmoja kamili baadaye ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Mkiamua kutoka, teueni watu wa kutuliza wenye alama inayojulikana, na mkubaliane ishara moja ambayo ikitolewa wote mnakaa chini. Likirushwa jiwe na mtu msiyemjua, mkikaa wote anabaki amesimama yeye.

Simu

Simu inasaidia na inachoma. Weka pasiwedi ndefu, zima kufungua kwa kidole au sura maana kidole unaweza kushikwa ukabonyezeshwa kwa nguvu. Tumia programu yenye ujumbe wa kujifuta, ila elewa kwamba skrinshoti haijifuti, na grupu la watu mia mbili sio siri hata liwe na jina gani. Usiposti picha yenye sura za watu wengine bila ruhusa yao, na usirushe laivu sehemu ambayo watu bado wapo, subiri watawanyike. Siku unayokwenda kwenye jambo zito simu ya kila siku iache nyumbani ikiwa imewashwa au ibebe ikiwa haina kitu.

Alafu jiulizeni, bando likikatwa nchi nzima leo tutaitana vipi? Sudan waliulizwa hilo swali kwa vitendo. Rais wao Omar al-Bashir alikuwa ameshatolewa Aprili 2019, majenerali wakabaki, tarehe 3 Juni wakashambulia waliokaa mbele ya makao makuu ya jeshi Khartoum wakaua watu wengi, na intaneti ikazimwa. Lakini kule walikuwa na kamati za upinzani kila mtaa, watu wanaojuana nyumba kwa nyumba. Wakatumia vipeperushi, ujumbe wa kawaida wa simu, maandishi ukutani, mdomo. Tarehe 30 Juni umati mkubwa ukajaa mijini bila intaneti. Kamati haijengwi wiki ya kuzimwa, ilikuwepo miaka kabla.

Mshushushu

Yupo au atakuja, pangeni mkijua hivyo. Argentina mwaka 1977 akina mama 14 ambao watoto wao walichukuliwa na wanajeshi wakaanza kukutana kwenye uwanja wa Plaza de Mayo, mbele ya ikulu. Polisi wakawaambia hairuhusiwi kusimama kikundi, tembeeni, basi wakatembea, wawili wawili wameshikana mikono wakizunguka mnara, na wakawa wanarudi kila Alhamisi. Akaja kijana mpole, mwenye nywele za dhahabu, akasema kaka yake naye kapotea, wakamhurumia kama mtoto wao. Alikuwa ofisa wa jeshi la majini, Alfredo Astiz. Desemba ile watu 12 wakatekwa, wakiwemo watatu kati ya akina mama waanzilishi, Azucena Villaflor mmoja wao, wote wakauawa.

Waliobaki walirudi uwanjani.

Ninachojifunza hapo ni kwamba mambo mengi yafanyike mchana kweupe, mshushushu hana cha kuiba. Poland mwaka 1976 kamati ya kuwatetea wafanyakazi, KOR, ilitangaza majina ya wanakamati wake na anwani zao na namba za simu, ili aliyefukuzwa kazi ajue pa kukimbilia. Vichache ambavyo ni lazima viwe siri, mfano mtu aliyejificha yuko wapi, vijulikane na watu wawili watatu tu. Na yeyote anayewasukuma haraka haraka mtafute silaha, mchome kitu, au anayetaka kujua majina ambayo hayamhusu, msimpe nafasi, awe shushushu au awe mjinga tu matokeo ni yaleyale. Lakini msianze kunyoosheana vidole bila ushahidi, nimeona vikundi vimekufa kwa kushukiana bila hata shushushu mmoja kuwemo, na hiyo ndo kazi rahisi kuliko zote kwa dola.

Siku mwenzenu akikamatwa

Hii ndo siku watu wanaamua kama nyie ni wa kweli. Ikijulikana kwamba mtu wenu akichukuliwa anatafutwa, wengine watajiunga. Ikijulikana alisahauliwa, mmekwisha, hata muwe na hashitegi ya dunia nzima. Serbia vijana wa Otpor, harakati iliyompinga rais Milošević, miaka ya 1998 mpaka 2000 walijua hilo, mmoja akikamatwa simu zinapigwa, mawakili wanatumwa, na watu wanakusanyika nje ya kituo kwa amani mpaka atoke, na akitoka anapigiwa makofi. Polisi wakajikuta kila wanapokamata wanaongeza watu.

Nyie fanyeni hivi. Kabla ya siku yoyote ya hatari kila mtu aandike namba ya wakili kwa kalamu mkononi, chini ya kiwiko, maana simu itachukuliwa na kichwa kinasahau ukiwa na hofu. Anayetumia dawa za kila siku aeleze ni zipi na ziko wapi. Muwe na mfuko wa dharura hata mdogo, watu wawili wanaushika na hesabu inasomwa.

Akichukuliwa, aliyeona aandike palepale saa, mahali, namba ya gari, mavazi ya waliomchukua. Watu wawili waende kituoni wamuulizie kwa jina lake kamili, tena waulize kwa heshima bila kufoka, na wakiambiwa hayupo waende kituo cha pili, cha tatu, waandike kila jibu na saa yake. Wa tatu ampigie wakili, wa nne waandishi na watetezi wa haki za binadamu, wa tano aende nyumbani kwa familia akakae nao. Saa za mwanzo ndo za hatari zaidi, mtu anayeuliziwa na watu wengi ni vigumu kumpoteza. Kituoni msiondoke, kaeni kwa zamu usiku kucha. Aliye ndani naye awe anajua mapema, taja jina lako, omba wakili, usisaini karatasi ambayo hujaisoma au yenye nafasi tupu.

Akitoka mpelekeni kwa daktari kwanza, majeraha yaandikwe na yapigwe picha kabla hayajapona. Msimzonge na maswali. Na kama aliongea huko ndani chini ya mateso, naomba sana, msimlaumu, badilisheni tu kila alichokuwa anakijua, sehemu ya kukutana, pasiwedi, kila kitu. Mlipie kodi ya nyumba kama amefukuzwa kazi. KOR ilianza na hilo hasa, hela kwa familia za wafanyakazi waliofukuzwa na kufungwa baada ya migomo ya Juni 1976, na mawakili wa kuwasimamia mahakamani. Michango ya kawaida tu, ila wale watu hawakusahau.

Milango yao itumieni pia

Wengine watasema kushiriki uchaguzi wao au mikutano yao ni kuwabariki. Naelewa, kuna wakati kususia ndo sawa. Ila Chile 1988 Pinochet aliandaa kura ya ndiyo au hapana, aendelee kutawala au la, akiwa na uhakika anashinda, na wapinzani wengi waliona ni mtego. Wakaamua kuingia, wakahamasisha watu kujiandikisha, wakaweka mawakala vituoni na mfumo wao wenyewe wa kujumlisha kura sambamba na wa serikali. Tarehe 5 Oktoba hapana ikapata karibu asilimia 56, na kwa sababu hesabu walikuwa nayo mkononi usiku ule haikuwezekana kuigeuza kimyakimya. Mkifanya hivyo wekeni wawili wawili kila kituo, fomu ya matokeo ipigwe picha ikionekana namba ya kituo na sahihi, alafu itumwe kwa njia mbili tofauti na namba zenyewe zisomwe kwa simu ya kawaida kama picha haiendi.

Mkipata mlichodai

Kiwanda cha meli cha Gdańsk, Poland, tarehe 14 Agosti 1980, walianza kugoma wakitaka mama mmoja dereva wa kreni, Anna Walentynowicz, arudishwe kazini, alifukuzwa ikiwa imebaki miezi mitano tu astaafu. Safari hii hawakutoka barabarani. Desemba 1970 walitoka, wakapigwa risasi, watu zaidi ya 40 walikufa kwenye miji ile ya pwani. Kwa iyo walifunga geti wakabaki ndani. Siku ya tatu uongozi wa kiwanda ukakubali, mama arudi, mishahara iongezwe, mgomo ukatangazwa umeisha, watu wakaanza kuondoka.

Viwanda vidogo vilivyokuwa vimegoma kuwaunga mkono havikuwa vimepata kitu, na sasa vingebaki peke yake. Wanawake wakakimbilia magetini, Anna mwenyewe na muuguzi wa kiwanda, Alina Pienkowska, yule muuguzi akapanda juu ya pipa akaanza kuwaita wanaume warudi. Wengi walishaondoka. Waliobaki walilala humohumo wakawa wanaandika madai upya, yakafika 21, yakapakwa rangi kwenye mbao yakatundikwa getini, na la kwanza halikuwa mshahara tena, lilikuwa haki ya kuwa na vyama huru. Tarehe 31 Agosti serikali ikasaini.

Kwa iyo mkiitwa ofisini mkaambiwa ombi lenu limekubaliwa, msisaini siku ileile. Rudini kikaoni kwanza na orodha ya wote waliowaunga mkono, mmoja mmoja, muulize yeye amepata nini.